Kupiga Pasi Chuma

Mlango wa nyumba ya mjomba wangu, Ngamiani, Tanga, unazuiwa na kipande cha shafti ya boti. Urefu wake ni kama shibiri moja na nusu. Ncha moja imekatwa kwa msumeno, nyingine imekatika yenyewe. Ukikipapasa ubavuni utadhani unagusa kioo, na miaka zaidi ya 20 ya hewa ya chumvi haijakifanya kitu. Mng'aro ule niliutia mimi, nikiwa na miaka 18. Kwa muda mrefu, kila nilipoingia nyumba ile, nilikuwa naruka kizingiti bila kutazama chini.

Mwaka 2001 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule. Mama hakupenda nishinde kijiweni, akanipeleka kwa kaka yake. Mjomba alikuwa mkerezaji. Ufundi aliupatia kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi ambazo mashine ya korona ikisimama nusu saa tu meneja anakuja mwenyewe kuuliza kuna nini. Shamba lilipofungwa, alinunua mashine ya kukerezea iliyokuwa inauzwa kama chuma chakavu, Colchester ya zamani ya Kiingereza, akaifunga chini ya bati nyuma ya nyumba. Hapo ndipo alipokuwa akitengeneza shafti za mashine za kusaga, bushi za matrekta, na vyuma vya boti za wavuvi.

Miezi ya kwanza nilikuwa mfagia chenga. Halafu nikaruhusiwa kupiga msasa. Nilipenda msasa kwa sababu matokeo yanaonekana papo hapo: unaanza na karatasi ya mchanga mkubwa, unashuka hadi ile laini kabisa, unamalizia kwa kitambaa chenye oili, na chuma kinameta. Siku moja nilimpelekea mjomba shafti ya pampu niliyoipiga msasa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Akaipitishia ukucha, taratibu, kutoka ncha hii hadi ile, akanirudishia.

"Umeipaka poda," alisema. "Hujaipiga pasi."

Nilidhani ananitania. Kumbe kupiga pasi lilikuwa ndilo jina lake la kazi yenyewe, na mpaka leo sijapata lililo bora. Nimekuwa mhariri wa vitabu, kazi yangu ni kutafuta maneno, na hili limenishinda. Kusema "kung'arisha" ni kutaja matokeo tu. "Kusugua" ni uongo, maana kusugua kunaondoa kitu. Pasi haiondoi kitu. Shati lililokunjamana likipigwa pasi halipungui uzi hata mmoja. Nyuzi zilezile zinalala mahali pake. Na chuma ni hivyohivyo.

Chombo chenyewe alikitengeneza mwenyewe. Alivunja beringi chakavu ya lori, akatoa gololi moja nzima isiyo na doa, akaikalisha kwenye kikombe cha shaba kilichojaa grisi, na nyuma yake akaweka springi nene. Kikombe kinafungwa pale panapofungwa kisu cha kukerezea. Shafti inazunguka, gololi inasogezwa mpaka iguse, halafu inakazwa kidogo ili springi isukume. Unamwaga oili bila choyo. Gololi inabiringika juu ya chuma na kusafiri polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Inapopita, ile rangi ya kijivu iliyofifia inageuka kuwa maji. Sijui niseme vipi zaidi. Ni kama mtu anafungua pazia.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba uso wa chuma kilichotoka kwenye kisu, hata kikionekana laini, ni shamba lililolimwa matuta. Kisu kinaacha mfuo mmoja mrefu unaozunguka kama uzi wa parafujo. Vilima na mabonde yake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita; unywele mmoja wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Msasa hukata vilele vya vilima na kuacha mikwaruzo yake mwenyewe, midogo zaidi, iliyokaa ovyo. Gololi hufanya jingine. Ni ngumu kuliko shafti, na inagusa mahali padogo mno, kwa hiyo nguvu yote inakusanyika kwenye nukta ile. Kilele kinashindwa kuhimili. Kinalainika bila moto, kinatiririka na kuingia bondeni. Uso uliokuwa na ukwaru wa mikroni 3 unaweza kushuka hadi chini ya nusu mikroni kwa mpito mmoja, na kipenyo cha shafti kikapungua kwa mikroni chache tu.

Na chuma kikishasukumwa hivyo kinakuwa kigumu. Hili lilinitatiza sana. Kwa nini kitu ulichokikanda kiwe kigumu kuliko ambacho hukukigusa? Unga ukiukanda unalainika! Jibu limo ndani ya fuwele za chuma. Atomu zimejipanga kwa safu, lakini safu hizo zina kasoro, mahali ambapo mstari umekatika au umeingiliwa. Chuma kinapokunjwa au kubonyezwa, kasoro hizo ndizo zinazohama. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza jambo hili. Ukikibonyeza chuma, kasoro zinahama na zinazaana, mpaka zinakuwa nyingi kiasi cha kuzuiana njia, kama daladala za asubuhi penye makutano yasiyo na taa. Zikikwama, chuma hakikunjiki tena kirahisi. Ugumu ndiyo huo. Katika chuma cha stenlesi, ambacho boti nyingi hukitumia, jambo hili lina nguvu zaidi kuliko katika chuma cha kawaida.

Kuna faida ya tatu isiyoonekana kwa macho. Ngozi ya juu iliyobonyezwa ingependa kutanuka, lakini chuma kilicho chini yake, ambacho hakijaguswa, kinaibana. Kwa hiyo inaishi katika mgandamizo, kama watu waliojaa kwenye behewa. Ufa ili ufunguke unahitaji kuvutwa pande mbili. Pale penye kubanwa, hauna nafasi ya kuanza.

Lakini pasi ina mipaka. Shafti iliyopinda itabaki imepinda, tena iking'aa. Ukikaza springi kupita kiasi, au ukirudia mara nyingi, ngozi inachoka na kubanduka magamba madogo kama samaki. Niliharibu bushi mbili kwa njia hiyo. Mjomba alisema tu, "Shati halipigwi pasi mara kumi," akazitupa kwenye pipa la chakavu.

Mwezi wa tatu akaja nahodha mmoja na shafti ya propela. Jina lake nitaliacha. Alikuwa na boti ya mtando, anavua dagaa usiku wa giza kwa taa. Pale shafti inapotoka nje ya boti kuna boksi lenye kamba za pakingi zinazozuia maji yasiingie. Kamba zile, kwa miaka, zikisaidiwa na mchanga, zilikuwa zimeila shafti mpaka ikawa na kiuno. Maji yalikuwa yanaingia, na kijana mmoja kazi yake baharini ilikuwa kufua maji tu.

Dawa ya kweli ilikuwa shafti mpya. Mjomba alimwambia hivyo, tena mara mbili. Nahodha hakuwa na fedha hiyo. Wakakubaliana shafti ijazwe kwa kuchomelewa, ikerezwe irudi kipimo chake, ipigwe pasi. Fundi wa kuchomelea, jirani yetu, aliijaza, ikarudi kwetu imevimba kiunoni.

Siku ile ikaja habari ya msiba Muheza. Mjomba akavaa kanzu, na kabla ya kutoka akanipa maagizo akiwa amesimama palepale mlangoni. Kereza taratibu. Ukimaliza, pima kwa mafuta ya taa. Ukiona safi, ndipo upige pasi.

Kipimo cha mafuta ya taa ni cha zamani. Karakana za reli za huko Ulaya na Marekani zilipima ekseli za treni kwa mafuta na chaki kabla ya kuwapo vifaa vya kisasa. Unakisafisha chuma, unakilowesha mafuta ya taa, unakiacha muda mrefu. Mafuta yana tabia ya kujipenyeza hata pasipopita hewa. Kisha unakifuta kikauke kabisa, na unakipaka chaki iliyosagwa na kuchanganywa na spiriti. Spiriti inaruka, inabaki ngozi nyeupe. Unangoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha humo yanarudi juu na kuchora mstari wa unyevu kwenye weupe ule. Ni kipimo cha uvumilivu, na mimi sikuwa nao.

Nilikereza vizuri, hilo nitajisifu. Saa kumi jioni shafti ilikuwa na kipimo chake sawasawa. Gololi ilikuwa imekaa mezani. Nilijua nikianza mafuta ya taa nitangoja hadi kesho, na nilitaka kuona pazia likifunguka. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna aliyenikimbiza, sikuwa na njaa wala sikuwa mgonjwa. Nilitaka kuiona inang'aa.

Nikaipiga pasi. Ikatoka nzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya kwa mikono. Halafu, kwa kuwa niliagizwa, nikailowesha mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikaipaka chaki. Nikangoja saa nzima. Chaki ilikaa nyeupe kama kanzu ya Idi.

Mjomba aliporudi aliuliza, "Umepima?"

"Nimepima, mjomba. Haina kitu."

Kila neno hapo ni kweli. Hakuuliza nilipima lini.

Mwezi wa sita, kusi likiwa limeshika, boti ile haikurudi asubuhi. Wala kesho yake. Ilikuwa na watu saba, mmoja wao mtoto wa nahodha, wa miaka 14, safari yake ya kwanza. Injini ilikuwa nzima na inanguruma, lakini propela haikuwapo. Shafti ilikatika ndani ya boksi. Mkondo uliwachukua kaskazini siku mbili, wanakunywa maji ya barafu iliyoyeyuka juu ya dagaa, mpaka wavuvi wa Vanga, upande wa Kenya, wakawaona na kuwafunga kamba. Walirudi wote. Yule mtoto hakurudi tena baharini.

Nahodha alikuja karakana na kipande cha shafti ndani ya kiroba. Hakupiga kelele. Alikitoa, akakisimamisha mezani, mdomo uliokatika juu. Tukauinamia wote watatu.

Nilitegemea kuona chuma kilichoraruka. Badala yake, sehemu kubwa ya uso ule ilikuwa laini na nyeusinyeusi, na juu yake kulikuwa na mistari ya nusu duara, moja nyuma ya nyingine, ikitanuka kutoka nukta moja pembeni. Sehemu ndogo tu, upande wa mwisho, ndiyo ilikuwa na chembechembe zinazometa, zilizoraruka kweli.

"Maji kupwa," nahodha akasema.

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Mistari ile ilifanana na ile ambayo bahari inaiachia mchangani inapokupwa, hatua kwa hatua. Baadaye nilisoma kwamba hata wahandisi wa Ulaya wameiita kwa jina la ufukwe. Kila mstari ni mahali ambapo ufa ulitulia kidogo kabla ya kuendelea. Chuma hakikukatika usiku ule. Kilikuwa kinakatika kwa wiki kadhaa, kidogo kidogo, kila mzunguko, chini ya ngozi yangu inayong'aa, mpaka sehemu iliyobaki ikawa haiwezi tena.

Nilipokuwa chuo nilikwenda maktaba kutafuta habari za jambo hili, ingawa nilikuwa nasoma fasihi. Nikakuta kwamba tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris iliangamia kwa sababu ekseli ya kichwa cha treni ilikatika. Walikufa makumi ya watu, akiwamo mpelelezi wa bahari Dumont d'Urville, aliyeifika Antaktika na kurudi salama. Watu hawakuelewa ekseli nzima ya chuma inakatikaje kwa uzito inaoubeba kila siku. Mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi: alizungusha ekseli kwenye mitambo, chini ya mzigo, akihesabu mizunguko hadi zikatike. Akaonyesha kwamba mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha unavunja kile ambacho mzigo mkubwa mara moja hauwezi. Ugonjwa huo ukaitwa uchovu. Na katika miaka ya 1930, wahandisi Ujerumani na Marekani walichunguza namna ya kuupunguza kwa kubiringishia ekseli magurudumu magumu. Kupiga pasi, kumbe. Nilifunga kitabu kile nikakaa.

Maana dawa ya ufa ndiyo niliyoufichia ufa. Mrija mwembamba ulikuwapo tangu kwenye kuchomelewa, mdomo wake wazi, unangoja mafuta ya taa. Gololi ilipopita ilisukuma chuma kikaufunika, kama tope lilivyoziba tundu la kaa. Ngozi ya juu ikawa ngumu, imebanwa, haina doa. Chini yake ufa mzima, mrefu kuliko mgandamizo ulivyoweza kuufikia. Kipimo nilichokifanya asubuhi kilikuwa kinapima kifuniko. Leo wakaguzi wenye rangi za kupenyeza na taa za zambarau wanafundishwa hivyohivyo: usipime uso uliokwisha kusuguliwa au kubonyezwa mpaka kwanza uioshe kwa tindikali ile ngozi iliyoziba.

Siku ile mjomba alikitazama kipande muda mrefu. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akamwambia nahodha, "Kosa ni la karakana yangu." Aliuza pikipiki yake, akanunua chuma kipya, akakereza shafti nyingine bila malipo. Mimi nilishika tochi. Mwezi uliofuata nikaondoka kwenda kidato cha tano Dar es Salaam, na sikusema neno.

Nimeishi na hilo kwa namna ya ajabu. Katika kazi yangu huletewa maandishi yenye nyufa, na najua jinsi ya kuyapiga pasi: sentensi inalala, aya inameta, na hoja iliyokatika katikati haionekani tena. Wapo waandishi wanaonishukuru kwa hilo. Nimejizoeza kusoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga. Mjomba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mashine ameifunika turubai. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mjomba," akanijua kwa sauti. Tulikula, tukazungumza habari za ndugu. Halafu nikainama mlangoni nikakiokota kile kipande, kwa mara ya kwanza, nikampa mkononi.

"Hiki nilikipiga pasi kabla ya mafuta ya taa," nilisema.

Hakushtuka. Alikipapasa mpaka akafika kwenye mdomo, akatia ukucha pembeni, pale mistari ilipoanzia.

"Hapa palikuwa na alama ya njano, rangi ya moto," alisema. "Ufa umeingia chuma kikiwa bado kina joto, kabla hakijaja kwetu. Na ukingo umekunjwa kama pindo la shuka. Niliona siku ileile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme." Akakiweka pajani. "Umemwambia nahodha?"

Sikuwa nimemwambia. Kesho yake nikaenda Sahare. Nahodha amezeeka, haendi tena baharini, boti ameuza. Nilimkuta kivulini anashona nyavu. Nikamwamkia, nikajitaja mpwa wa nani, nikakaa mchangani, nikaeleza yote tangu mwanzo: msiba wa Muheza, gololi, chaki nyeupe, na lile "nimepima" langu. Ilichukua muda, kwa sababu ilinibidi nimweleze na pasi yenyewe ni nini. Mkono wake haukuacha kushona.

Nilipomaliza alinyamaza. Akauliza kama macho ya mjomba yanaweza kupasuliwa. Nikamwambia daktari amesema yanaweza. Akauliza kama nina habari kwamba mwanawe sasa ana duka. Nikasema sina. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Lakini pakingi ile haikuvuja," alisema. "Miezi mitatu mizima, hata tone. Yule kijana wa kufua maji nilimpa kazi ya taa."